Fika Toya Kabla Jua Halijashuka

Safari yangu ya kwanza kwenda Ziwa Toya, kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, niliipanga kama ninavyopanga safari ya Arusha: mchana kutwa mizunguko, hotelini ni kulala tu. Nilishuka kwenye basi saa 2 na nusu usiku. Ukumbi wa chakula ulikuwa unafungwa, na chakula cha jioni nilishakilipia siku nyingi. Nikala mkate wa dukani, nikaoga kwa haraka, nikalala. Kesho yake saa 4 asubuhi nikatakiwa kukabidhi ufunguo. Nilitoa pesa nyingi, nikapata kitanda ambacho mjini Sapporo ningekipata kwa nusu ya bei hiyo.

Nimerudi mara kadhaa baada ya hapo, na ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayenuia kulala kwenye hoteli ya chemchemi ya maji moto, yaani onsen, ni huu: unalipia saa. Vyumba vingi hufunguliwa saa 9 alasiri na mgeni hutoka saa 4 asubuhi. Hizo ni saa 19, na kila moja ina kazi yake. Uwe mlangoni saa 9, siku hiyo usipange jambo lingine.

Bei yenyewe isomwe kwa makini. Hoteli hizi hutoza kwa kichwa, si kwa chumba, na mara nyingi bei hiyo imebeba usiku mmoja na milo miwili, wa jioni na wa asubuhi. Wajapani huita mpango huo ippaku nishoku. Ukiona bei moja kwenye tovuti, hakikisha ni ya mtu mmoja au ya wawili kabla hujalipa. Juu yake kuna kodi ndogo ya kuoga, ambayo katika miji mingi ni yeni 150 kwa mtu kwa usiku, na hulipwa hapo hapo kaunta. Jumamosi bei hupanda. Hupanda zaidi mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti wakati wa sikukuu ya Obon, na mwaka mpya, kwa sababu Wajapani wenyewe wanakuwa likizoni. Jumanne ya mwezi Juni au Septemba utalala kwa nafuu, na bwawani utakuta nafasi.

Unapoweka nafasi, omba chumba cha upande wa ziwa. Hapa usibane pesa. Hoteli za Toya zimejipanga kwenye ufuo wa kusini, mgongo ukiwa kwa mlima wa volkano wa Usu, uso ukitazama maji. Katikati ya ziwa kuna visiwa vyenye msitu, na nyuma yake, siku ya anga safi, unauona mlima Yotei wa mita 1,898, wenye umbo kama la Fuji. Tena kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwisho wa Oktoba, kila usiku saa 2:45, fataki hurushwa kutoka kwenye boti kwa takriban dakika 20. Boti husogea kando ya ufuo, kwa hiyo huna haja ya kugombea mahali pa kusimama. Unakaa dirishani kwako, chai mkononi. Aliyechukua chumba cha upande wa mlima atasikia mlio tu.

Kufika si kazi ngumu. Treni ya haraka iitwayo Hokuto, inayokwenda kati ya Sapporo na Hakodate, husimama kituo cha Toya. Ukitoka uwanja wa ndege wa New Chitose, badilisha treni kituo cha Minami-Chitose. Kutoka kituoni basi huchukua kama dakika 20 hadi ufuoni, lakini halipiti kila mara, kwa hiyo tazama ratiba ya basi kwanza ndipo uchague treni. Baadhi ya hoteli zina basi lao kutoka Sapporo, ila lazima ulitaje wakati wa kuweka nafasi.

Mlangoni angalia watu wanavua viatu wapi. Pengine ni pale pale pa kuingilia, pengine ni kwenye kizingiti cha chumba chako. Ndani utakuta mikeka minene ya tatami, nayo haikanyagwi hata kwa ndara. Ndara za chooni ni za chooni. Ziache huko huko. Sisi tuliozoea kuvua viatu mlangoni hili halitusumbui, na kwa anayeswali sakafu ile ni neema: pana, safi, haijaguswa na kiatu. Kibla kiko magharibi na kuelekea kaskazini kidogo, yaani ziwa likiwa mbele yako, kitakuwa mkono wa kushoto. Kabatini mna yukata, kanzu nyepesi ya pamba. Ivae, ni ya kuvaliwa hoteli nzima, hata kwenye chakula kwa hoteli nyingi. Upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia, kwa wanaume na wanawake pia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti, na mhudumu akikuona hivyo atakuja kukurekebisha.

Sasa maji, maana ndiyo yaliyokuleta. Mapazia mlangoni huonyesha bafu la wanaume na la wanawake, mara nyingi buluu na jekundu, lakini usitegemee rangi pekee. Jifunze herufi mbili: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Hoteli nyingi hubadilisha mapazia usiku ili kila mtu aonje mabwawa ya pande zote mbili, na mlango uliopita jana jioni huenda asubuhi ukawa si wako. Soma pazia kila mara.

Ndani huingii na nguo ya kuogelea. Unavua zote, unaziweka kapuni, unabaki na taulo dogo. Kisha unaoga. Simaanishi kujimwagia: kuna safu ya bomba, vigoda vifupi, ndoo na sabuni. Kaa kwenye kigoda, jisugue mwili mzima, ujisuuze mpaka povu lote liishe. Aliyekulia pwani akumbuke birika la msikitini: maji yanachotwa kwa kata, uchafu unabaki nje ya birika. Hapa pia usafi unamalizwa nje, na anayeingia bwawani anaingia akiwa safi kwa ajili ya mwenzake. Kama umejipaka mafuta ya nazi, sugua mara mbili, kwa sababu yataelea juu ya maji na kila mtu atayaona. Nywele ndefu au rasta zifungwe juu zisiguse maji. Huna lazima ya kuziosha. Taulo dogo likae kichwani au ukingoni, lisizamishwe. Vua mikufu na pete, hasa za fedha, kwani kwenye chemchemi zenye salfa fedha hugeuka nyeusi.

Maji huwa kati ya nyuzi 40 na 42. Jimwagie ndoo kadhaa miguuni na mabegani kwanza, uingie taratibu, na mara ya kwanza usizidishe dakika 10. Ukisimama, simama polepole, kwa sababu kizunguzungu hapa huwaangusha hata wenye nguvu. Usiingie ukiwa umetoka kula sana wala umelewa. Mwenye presha, maradhi ya moyo au mimba azungumze na daktari wake kabla ya safari. Kabla ya kurudi chumba cha kuvalia, jipanguse kwa taulo dogo ili usilowanishe sakafu ya wenzako. Halafu maji ya kunywa, mengi. Ngozi itakauka usiku. Hapo ndipo mafuta ya nazi yana kazi.

Najua swali linalowazuia wengi wetu, na ni swali la haki: stara. Kuvua mbele ya wageni, hata wa jinsia yako, si jambo dogo kwa mtu aliyelelewa kujisitiri. Sitakwambia jikaze utazoea. Njia zipo. Hoteli nyingi zina bafu la faragha la kukodi, kashikiri-buro, ambalo unalipia kwa muda mfupi na kufunga mlango, wewe peke yako au na mwenzi na watoto. Liulizie siku ya kuweka nafasi au mara tu ufikapo, kwa kuwa saa nzuri huchukuliwa mapema. Vipo pia vyumba vyenye bwawa lake roshani. Ni ghali, lakini kwa waliotoka kuoana ningesema watoe. Bafu la wote nalo huwa karibu tupu wakati wengine wanakula, na tena alfajiri. Na kama hata hayo hayakukalii vizuri, mji wa Toya una mabwawa ya bure ya kutia miguu na mikono kando ya barabara na ufuo. Unapandisha nguo hadi gotini, unakaa, unatazama ziwa.

Mabinti wa pwani wawe na tahadhari moja. Chale za wino mwilini bado zinakatazwa katika mabafu mengi, na piko nyeusi iliyochorwa mkono mzima yaweza kudhaniwa ndiyo hiyo. Ukiwa umetoka harusini na hina ingali mbichi, iandikie hoteli ueleze kwamba ni rangi ya kupotea, au chukua bafu la faragha usiulizwe.

Kuhusu chakula, sema mapema. Jiko la hoteli hizi huandaa kwa idadi ya wageni, na ukitaja saa 12 jioni kwamba huli nguruwe, mpishi hana la kufanya. Iandike wakati wa kuweka nafasi, uikumbushe siku chache kabla. Sentensi ya kubeba kichwani ni hii: butaniku wa tabemasen, sili nguruwe. Jua pia kwamba pombe ya kupikia, sake na mirin, huingia kwenye michuzi mingi isiyoonekana kuwa na pombe. Kwa sababu hiyo kwa mgeni Mwislamu naona meza ya kujipakulia ina nafuu kuliko mlo wa sahani nyingi unaoletwa umepangwa: unachagua samaki wa kuchoma kwa chumvi, kome wa Hokkaido, viazi, mahindi, mayai, wali, na kuacha usichokijua. Wajapani meza hiyo huiita baikingu, jina lililotoka kwenye mkahawa wa hoteli moja ya Tokyo uliofunguliwa mwaka 1958. Utaulizwa uchague saa ya kula. Chagua ya mapema, ili uwe chumbani fataki zikianza. Ukirudi, kwenye vyumba vya tatami mara nyingi utakuta magodoro yametandikwa sakafuni. Bakshishi haitolewi, shukrani ya maneno yatosha.

Asubuhi nenda bwawani kabla ya chai. Ziwa Toya haligandi, hata theluji ikijaa ukingoni, na mvuke wa bwawa la nje hukutana na ukungu wa ziwa mpaka huoni mpaka wao. Ni saa ninayoipenda kuliko zote za safari.

Na uliza joto hilo limetoka wapi, kwa sababu jibu liko nyuma ya hoteli. Usu ulilipuka mwaka 1910, maji moto yakachimbuka ufuoni, na mwaka 1917 mji wa kuoga ukaanza. Ukalipuka tena 1943 hadi 1945, 1977 na 2000. Mlipuko wa 1943 uliinua shamba la ngano likawa mlima mpya, Showa-shinzan, wa mita 398. Ilikuwa wakati wa vita, serikali haikutaka habari zivuje, na mtu aliyeurekodi ni mkuu wa posta wa hapo, Mimatsu Masao: alitandaza nyuzi nyuma ya posta yake, akauchora mlima kwa kuulinganisha na nyuzi hizo ukipanda siku hadi siku. Mwaka 1946 akainunua ardhi ya mlima huo ili uhifadhiwe. Mwaka 2000 matetemeko yalionya, watu zaidi ya 10,000 wakahamishwa kabla ya mlipuko, wala hakufa mtu. Msomaji wa Goma, anayelala kati ya volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, atajua uzito wa sentensi hiyo.

Kwa hiyo ukikabidhi ufunguo saa 4, usikimbilie kituoni. Acha begi kaunta, watakutunzia. Miezi isiyo ya theluji kuna njia ya miguu nyuma ya kituo cha wageni inayopanda hadi mashimo ya mlipuko wa 2000. Njiani wameyaacha majengo kama yalivyokutwa, bafu la umma la mji na ghorofa la makazi, yamezama kwenye tope lililoganda. Tembea humo taratibu, kisha shuka ufuoni utie miguu kwenye maji ya moto ya bure hadi basi lako lifike.