Nilivyojifunza Kusoma Hukumu za Arusha

Nilisomea sheria Bukavu, kwa Kifaransa, katika mfumo tulioachiwa na Wabelgiji. Kwetu wakili huanzia kwenye kifungu cha sheria. Uamuzi wa mahakama hufuata nyuma kuonyesha kifungu kimetumikaje. Kisha Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na mlango wa Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ukafunguka kwetu pia. Ibara ya 46 ya Mkataba wa Jumuiya inasema lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Tangu hapo wenzangu wananiuliza nilianzia wapi kusoma hukumu za Kiingereza, wakitarajia niwatajie kamusi.

Kamusi iacheni kwanza. Unaweza kukariri istilahi kurasa kwa kurasa na bado usijue jaji anafanya nini. Katika komoni loo, mfumo ambao Waingereza waliwaachia majirani zetu, ile sababu iliyombeba jaji hadi kwenye uamuzi wake huwa sheria kwa mahakama zilizo chini yake. Kenya wameliandika hilo waziwazi: Ibara ya 163(7) ya Katiba ya 2010 inazifunga mahakama zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuipata sababu hiyo ndani ya kurasa nyingi za maelezo. Kiingereza utakiokota njiani.

Mimi nilianza na kesi ya James Katabazi na wenzake, iliyoamuliwa Arusha mwaka 2007. Nakushauri uanze nayo, kwa kuwa mambo yake hayahitaji utangulizi kwa mtu wa ukanda huu. Novemba 2005, Mahakama Kuu ya Uganda iliwapa dhamana baadhi yao, wakiwa watuhumiwa wa uhaini. Askari wenye silaha wakaizingira mahakama na watuhumiwa wakarudishwa gerezani. Serikali ikajitetea Arusha kwamba haya ni madai ya haki za binadamu, na mahakama ya Jumuiya haijapewa mamlaka hayo. Majaji walikubali kwamba hawajapewa. Lakini wakasema hawataacha kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu madai yamegusa haki za binadamu, na Mkataba unadai utawala wa sheria. Kupuuza amri ya dhamana ni kuuvunja.

Soma hukumu hiyo mara mbili, kisha iandike kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja: mambo yaliyotokea, swali, jibu, sababu. Kiswahili hakikuachii nafasi ya kunakili sentensi ya Kiingereza usiyoielewa. Halafu ichokoze. Je, kama askari wangewaacha waende kwao, wakawakamata baadaye kwa kosa jingine kabisa, jibu lingebaki lilelile? Kila unapobadilisha jambo na jibu likayumba, umegusa kiini. Wakili wa komoni loo anaishi kwa mchezo huu: akiletewa uamuzi unaomuumiza, hutafuta tofauti ya mambo itakayomtoa chini ya uamuzi huo.

Ukishaizoea hiyo, nenda London, kwa Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932. Mama mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake huko Paisley, akadai ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na yeyote, maana hakununua yeye. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mlaji hata bila mkataba. Usiruke wale wawili walioshindwa. Sisi tuliozoea hukumu fupi isiyoonyesha nani alipinga tunashangaa kuona majaji wakibishana hadharani, na ubishi huo ndio mwalimu bora wa Kiingereza cha mahakamani. Hapo utajua, kwa mfano, kwamba jaji akitanguliza heshima kubwa kwa mwenzake, anajiandaa kumpinga vikali.

Kifaransa kitakusaidia, na mara nyingine kitakuponza. Neno jurisprudence kwetu ni mkusanyiko wa maamuzi ya mahakama. Kwa Waingereza kwa kawaida ni falsafa ya sheria. Consideration katika mikataba, yaani kile ambacho kila upande unatoa ili ahadi ya mwenzake imfunge, haina pacha katika sheria zetu. Maneno ya aina hiyo niliyaandika pembeni, pamoja na kesi nilikoyakuta.

Hukumu zinapatikana bure: za Kenya kwenye Kenya Law, za Tanzania kwenye TanzLII, ambako utakuta pia zilizoandikwa kwa Kiswahili. Sarufi ya Kiingereza isikutie hofu kuliko kalenda. Mtu binafsi anayetaka kushtaki Arusha ana miezi miwili tu, tangu tendo analolilalamikia lifanyike au alipolijua, kwa Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya. Kabla hujaandika sentensi yoyote ya shauri lako, hesabu tarehe.