KUKU APATE NYUMBA YAKE, MTOTO APATE YAI LAKE
Somo la kuangulisha vifaranga na kujenga nyumba ya kuku katika lupango



Kabla ya kuanza somo hili, fungua Biblia yako usome Mathayo 23:37. Hapo Bwana Yesu, akiusikitikia mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku anayekusanya wanawe chini ya mabawa. Bwana wetu alimtazama kuku vizuri, akaona jambo la kutufundisha. Basi nasi leo tumtazame kuku: namna anavyoangua, namna ya kumjengea, na namna atakavyokuwa baraka kwa mtoto wako, wala si mlango wa ugonjwa.

KWA NINI HOSPITALI INAFUNDISHA HABARI ZA KUKU?

Mama mmoja wa Kolwezi alituletea mtoto wake mara tatu katika majira moja ya mvua. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu, naye aliharisha. Kila mara tulimpa maji ya chumvi na sukari, akapata nguvu, akarudi kwao. Kila mara alirejea akiwa amekonda zaidi.

Mara ya tatu nilifuatana na mama huyo mpaka lupango lake. Alikuwa mtu safi. Sahani zake zilikuwa zimeoshwa na maji yake yamefunikwa. Lakini katika chumba cha kulala, chini ya kitanda, niliona kitunga, na kuku ndani yake analalia mayai. Kuku wengine wanne walilala karibu na mlango kila usiku. Mtoto alicheza chini, pale pale walipoacha mavi yao. Nikamwuliza mama, "Mayai yao yanakwenda wapi?" Akajibu, "Tunayauza, muganga. Tunanunua unga wa bukari."

Basi mtoto yule alipata mavi ya kuku kila siku, na yai hakupata hata moja.

Sikumgombeza. Wezi ni wengi mjini, na mtu aficha mali yake anapoweza. Lakini nilimwambia neno ambalo nakuambia wewe pia: kuku apate nyumba yake, mtoto apate nyumba yake, na yai limfikie mtoto.

Jambo hili si la mji wetu peke yake. Mwaka 2016 wachunguzi walitangaza waliyoyaona katika vijiji vya Ethiopia. Watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa warefu kuliko watoto wa nyumba zisizo na kuku. Lakini pale ambapo kuku walilala ndani ya nyumba ya watu, watoto wadogo walikuwa wafupi zaidi.

Sababu ni hii. Katika mavi ya kuku mna vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kuku mwenyewe huwa navyo, wala haugui. Mtoto hushika udongo, kisha hutia mkono kinywani, na vidudu huingia tumboni. Pengine huharisha. Pengine haharishi, lakini matumbo yake huharibika polepole, na chakula anachokula hakimfai sana.

KUANGULISHA VIFARANGA

Chagua kuku jike mtulivu, aliyekwisha kuangua vizuri siku zilizopita. Mayai ya kuangulisha yawe ya siku 7 au chini yake, safi, yasiyo na ufa. Usiyaoshe, kwa kuwa maji hupitisha uchafu katika ganda. Yaweke mahali pa baridi kidogo, ncha iliyochongoka ikielekea chini, mpaka yatimie 10 au 12. Kuku wetu wa kienyeji hawezi kufunika mengi zaidi. Ukimpa 18, mengine yatapoa, nawe utapata hasara.

Tengeneza kiota katika kitunga au sanduku, kwa majani makavu. Nyunyiza majivu chini yake ili kupunguza chawa wa kuku. Mweke mahali penye giza kidogo na utulivu, nje ya nyumba ya watu. Weka maji na mahindi karibu, kwa maana atatoka mara moja kwa siku kula na kunya, kisha atarudi mwenyewe.

Siku ya 7, usiku, shika kila yai mbele ya tochi. Yai lenye mishipa midogo myekundu lina uhai. Yai linalong'aa lote halina kitu; liondoe. Siku ya 21 vifaranga hutoka. Ukiona kifaranga anatoboa ganda polepole, usimvute. Ukimvuta, damu itatoka naye atakufa. Mwache, Mungu amempa nguvu ya kutosha. Siku ya kwanza hana haja ya chakula, kwa kuwa kiini cha yai kimebaki tumboni mwake.

Vifaranga wengi hufa katika majuma manne ya kwanza, kwa baridi, kwa njaa, na kwa mwewe. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1400 kutoka bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kali. Mwache mama yao awafunike. Mchana wafunike kwa kitunga kikubwa chenye matundu, na mama yao karibu nao. Wape unga wa mahindi usiosagwa sana, mchwa kutoka kichuguu kilicho mbali na machimbo, na majani ya lenga-lenga yaliyokatwa. Maji yawe katika kisahani, na vijiwe ndani yake, wasije wakazama.

Angalia neno hili: watu wengine, moto wa umeme ukikatika, huingiza mbabula ya makala chumbani ili vifaranga wapate joto, nao wenyewe hulala humo. Usifanye hivyo kamwe! Makala hutoa hewa mbaya isiyo na harufu. Huua vifaranga, na huua watu katika usingizi.

KUJENGA NYUMBA YA KUKU

Kwa jogoo mmoja na majike watano, nyumba ya urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja yatosha. Ijenge mbali na jiko na kisima, lakini pale unapoweza kuiona kutoka dirishani. Baba, hii ni kazi yako na wana wako. Isiwe ya mama peke yake.

Simamisha nguzo nne zenye nguvu, sakafu iinuke juu ya ardhi kiasi cha goti au zaidi. Sakafu iwe ya fito, zikiachana kidogo ili mavi yaanguke chini. Miguu ya nguzo itie katika makopo yenye mafuta machafu ya gari, ili siafu wasipande. Kuta ziwe za fito au za wavu wa chuma, hewa ipite. Lakini upande wa kusini-mashariki uzibe vizuri, kwa maana upepo wa kiangazi hutoka huko. Paa liwe la mabati au la majani. Ndani weka mti wa kulalia na viota viwili. Mlango uwe na kufuli. Mama yule aliogopa wezi, naye hakukosea: ni heri kununua kufuli kuliko kununua dawa kila mwezi.

Kila asubuhi zoa mavi, uyatie katika shimo pamoja na majani. Baada ya miezi michache yatakuwa mbolea njema kwa shamba la sombe. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Mtoto asicheze chini ya nyumba ya kuku.

Kuku wakianza kufa wengi pamoja, shingo zikipinda na mavi yakiwa ya kijani, yaelekea ni ugonjwa wa kideri. Hauna dawa, bali una chanjo, tone moja katika jicho. Mwulize mganga wa wanyama, na chanjo irudiwe kila miezi mitatu au minne. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa usimle wala usimwuze. Mzike katika shimo refu, ukatoe habari.

UDONGO WA NCHI YETU

Hapa sisi wa Kolwezi tuna jambo letu. Nchi yetu ina shaba na kobalti, na wengi wetu twala kwa kazi hiyo. Lakini kuku hula kwa kuparua udongo, na kilichomo katika udongo humwingia.

Tangu mwaka 2014 watu wa Kasulo walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Mwaka 2018 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba walipima mkojo na damu ya watu wa hapo, wakakuta kobalti nyingi, hasa kwa watoto. Jirani zetu wa Zambia, katika mji wa Kabwe, wana udongo wenye risasi nyingi kutoka mgodi wa zamani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kuku waliozunguka huko walikuwa na risasi katika maini na mafigo yao. Kupika hakuondoi madini.

Kwa hiyo usilete mchanga wa mgodini kwa sakafu ya kuku. Usitandike magunia yaliyobeba madini katika kiota. Usiwanyweshe maji yaliyooshea mawe. Baba akitoka machimboni, nguo zake asizipige vumbi katika lupango. Zungushia kuku ua, na udongo wa ndani uwe umetoka mahali safi. Na kama nyumba yako iko karibu sana na depo ya madini au mahali pa kuponda mawe, nitakuambia kweli: ua hautatosha, kwa sababu vumbi hupita juu yake. Ni heri ununue mayai ya kijiji cha mbali.

YAI LA MTOTO

Mtoto akitimiza miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, anaweza kula yai lililopikwa mpaka kiini kiwe kigumu. Liponde katika uji wake. Katika nyumba nyingine husemwa kwamba mtoto anayekula mayai atakuwa mwizi, au kwamba mama mwenye mimba asiyale. Hayo si kweli. Yai hujenga mwili wa mtoto, na mama mwenye mimba anajenga mwili wa mtu mwingine ndani yake.

Uza mayai, si vibaya. Lakini kwanza weka la mtoto, ndipo uhesabu ya soko.

Mama niliyemtaja, mume wake alijenga nyumba ya kuku kwa fito na mabati mawili ya zamani. Mtoto hakupona siku moja. Aliharisha tena mara moja. Lakini mvua zilizofuata alikuja kupimwa tu, akitembea kwa miguu yake, na uzito wake uliongezeka.

MAULIZO

1. Kuku wako hulala wapi usiku? Na mtoto wako hucheza wapi mchana?
2. Kwa nini hatuoshi mayai ya kuangulisha?
3. Mbabula ina hatari gani katika chumba kilichofungwa?
4. Udongo ambao kuku wako huparua ulitoka wapi?
5. Juma lililopita, mayai mangapi yaliuzwa, na mangapi aliyala mtoto?

Yajibu maulizo haya pamoja na watu wa nyumba yako, jioni, baada ya sala. Mungu aliye Baba yetu akusaidie kuwakusanya watoto wako kama kuku akusanyavyo wake.