Somo la Jumamosi: Ukuta wa Bibi

 

Leo tunasoma ngeli ya U-ZI. Tazama: ukuta mmoja, kuta mbili, ufa mmoja, nyufa mbili.

Ukuta umepasuka. Kuta zimepasuka.
Ufa umezibwa. Nyufa zimezibwa.

Maneno ya fundi mwashi

*Lipu*: tabaka linalofunika ukuta. Tunasema "kupiga lipu".
*Mwiko*: kifaa cha kupigia lipu. Jikoni, mwiko ni wa kusongea ugali!
*Mkono*: tabaka moja la lipu au rangi. "Mikono miwili" ni kupaka mara mbili.
*Chokaa*: unga mweupe. Pwani hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe.

Kisa

Mama yangu anaishi Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Miaka michache iliyopita lipu ya nje ilianza kubanduka. Fundi alinipigia simu nikitoka zamu ya usiku: "Dada, tupige saruji, mkono mmoja tu, tumalize kazi." Bei ilikuwa nafuu. Mama akasema, "Mwanangu, nyumba hii inataka chokaa." Nikamjibu, "Mama, niachie mimi." Nikatuma hela.

Masika ya pili yalipopita, saruji ilianguka vipande vipande. Mawe ya ndani yalikuwa yameloa, ukiyagusa yanamomonyoka.

Kwa nini? Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa taratibu. Chokaa huyapisha, lakini saruji ngumu huyafungia ndani. Mimi ni muuguzi. Najua kidonda chenye usaha hakifunikwi juu juu. Na nilifanya vivyo hivyo kwa nyumba ya mama.

Lipu ya mkono mmoja si mbaya. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji inafaa, na siku hizi inauzwa kwenye mifuko ikiwa imeshachanganywa kiwandani. Lakini kila ukuta una lipu yake. Hata hapa kwetu, nyumba za kale za matofali za Georgetown zilijengwa kwa chokaa. Zikizibwa kwa saruji ngumu, matofali yenyewe huharibika.

Basi tuliikwangua saruji yote, tukaacha kuta zikauke, zikapigwa chokaa mikono mitatu, kila mkono ukisubiriwa ushike kwanza. Mara hii mama ndiye aliyesimamia. Mimi nilituma hela na kunyamaza.

Methali

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mama ameongeza yake: "Na ukiuziba vibaya, utajenga vilevile."

Kazi ya nyumbani

1. Andika kwa wingi: Ukuta umeloa. Ufa ni mrefu. Ubao umeoza.
2. Mpigie simu bibi au babu. Mwamkie, kisha muulize: "Nyumba uliyokulia ilijengwa kwa vitu gani?" Andika maneno matatu mapya.

Wazazi, msiwatafsirie. Mtoto akikwama, mwacheni amuulize bibi tena. Bibi hatachoka, na anayajua mengi ambayo sisi tuliotuma hela hatukuyauliza.

Tukutane Jumamosi, inshallah.