Sweta na shamba

SWALI: Nimefuma tangu utotoni. Sasa kuna shamba, watoto na oda za masweta, na kila siku nachelewa. Nipunguze kufuma? – Mama mfumaji, Uyole

JIBU: Mama, usipunguze kufuma, hamisha wakati wake. Uyole ipo karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake hukaza Juni na Julai, ndiyo miezi ambayo wateja hukumbuka sweta. Bahati mbaya ni miezi hiyohiyo ya kuvuna mahindi. Ukingoja mteja apige hodi, umekwisha kuchelewa. Masweta ya baridi yaanze Machi na Aprili, palizi ikiwa imepungua na mvua ikiwafungia watu ndani. Ya shule yaanze baada ya mavuno, maana muhula hufunguliwa Januari, na Novemba jembe litakuita tena.

Utauliza, uzi wa kufuma mapema utalipiwa na nani? Hoja ni nzito. Chukua malipo ya awali yanayotosha uzi. Asiyeweza kutoa hayo asikupangie tarehe. Wengine watasema mitumba ni rahisi zaidi. Ni kweli, lakini mtumba haupimwi mwilini mwa mtoto, wala haufuati rangi ya shule yake.

Kazi nayo igawanye. Mgongo na mikono, isiyodai hesabu nyingi, ifume huku maharage yakichemka. Shingo iache hadi watoto walale, kwa sababu macho yaliyosahau idadi ya vitanzi hukulazimu kufumua usiku mzima.