Ushirika Hausubiri Siku ya Kufika

Neno la kusoma: Zaburi 122, Luka 2:41-46, Yeremia 29:4-7



Wengi wetu tumepita kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Wakata tiketi wanaita Huye, Rusizi, Rubavu, Kampala. Watu wanajaa ndani ya basi, kila mmoja ameshika mzigo wake, wala hamjui jirani yake wa kiti. Hiyo ni safari, lakini bado si hija. Hujaji anasafiri kwenda kumtafuta Mungu, na katika Biblia twamwona akienda pamoja na wengine.

1. Waisraeli walikwenda kwa makundi

Kumbukumbu la Torati 16:16 inaagiza wanaume wa Israeli waende mbele za Bwana mara 3 kwa mwaka. Zaburi 120 hadi 134, zote 15, ni nyimbo za kupanda kwenda Yerusalemu. Katika Zaburi 122 furaha inaanza pale wengine wanapomwalika mwimbaji waende pamoja. Katika Luka 2, Yusufu na Mariamu walitembea siku nzima wakidhani Yesu yuko kati ya jamaa na rafiki. Walikuwa na watu ambao mtoto angeweza kutembea nao. Je, mtaa wetu uko hivyo?

2. Mashahidi wa Uganda walishikana njiani

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, mahujaji hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala. Wanatoka Uganda, Rwanda, Kenya, Tanzania na Kongo, na wengine hutembea kwa miguu siku nyingi. Wanawakumbuka vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwezi Mei 1886 walihukumiwa Munyonyo, wakapelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa. Wengine waliuawa njiani. Waliofika walingoja karibu wiki moja, na tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, na Karoli Lwanga ndiye aliyembatiza usiku ule wa mwisho kule Munyonyo. Hawakusema, "Tutakuwa na ushirika tukifika." Waliufanya wakiwa katika minyororo.

3. Gahini, moto ulihama kwa miguu ya watu

Hapa Rwanda, katika miaka ya 1930, uamsho ulianza Gahini, penye kanisa na hospitali ya wamisionari wa Kianglikana. Waafrika na Wazungu waliketi pamoja, wakaungama dhambi, wakaombeana. Kisha vikundi vya ndugu vilisafiri hadi Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Kila walipofika waliacha kikundi kidogo cha maombi, na vikundi hivyo vikawa nguvu ya uamsho.

4. Na sisi je?

Kuna neno linalosikika sana kwetu: "Hapa hatutakaa." Kwa neno hilo mtu anaacha kwaya, anaacha maombi ya nyumba kwa nyumba, hamsalimu jirani wa lugha nyingine. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimefunga mizigo zikaifungua tena. Aliyekuwa ameacha ushirika kwa ajili ya safari alibaki bila safari na bila ndugu wa kumfariji.

Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji walimo. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwakataza kuishi kama watu wanaongoja basi tu.

Wapendwa, huenda hatuna nauli wala hati za kwenda Namugongo. Lakini hatua kumi hadi mlango wa mjane, ukaomba naye, nazo Mungu anaziona.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni nani mtaani kwetu anayeomba peke yake?
2. Ni jirani gani tumemwepuka kwa sababu ya kabila, lugha au kanisa lake?
3. Wiki hii tutamtembelea nani, siku gani?

Tuombe: Bwana, utufanye kundi moja njiani, hata tutakapofika kwako. Amina.