SOMO LA NYUMBANI: MAHALI PA KOTI



Somo la safari hii huenda likawafanya wengine wenu kucheka. Koti? Hapa kwetu, ambapo jua la mchana linachoma hata mawe? Basi ngojeni kwanza. Tusome pamoja, halafu atakayetaka kucheka atacheka mwishoni.

Tuseme ni usiku, mvua ya Hagaya imeanza. Mbuzi wanalia bomani, huenda ni fisi. Baba anaamka na kutafuta koti lake gizani. Jana lilikuwa juu ya kitanda. Leo mtoto amelilalia, na mtoto amelikojolea. Kabuti kuukuu liko chini ya kitanda, lakini akiliingiza mkono anakumbuka nge wa juzi, anaurudisha. Mwishowe anatoka nje kifua wazi, mvua inamnyeshea. Asubuhi mama anasema, "Lakini makoti tunayo matatu hapa nyumbani!" Ni kweli, wanayo. Kitu wasichokuwa nacho ni mahali pa kuyaweka.

Katika kutembelea vikundi tuliona nyumba moja ambapo koti la mzee lilikunjwa likawekwa ndani ya gunia, gunia likawekwa chini kwenye udongo. Miezi miwili hakuna aliyeligusa. Walipolitoa, mchwa walikuwa wamekula mgongo wote na mfuko wa ndani. Ndani ya ule mfuko kulikuwa na kadi ya kliniki ya mjukuu na kitambulisho cha mzee. Kadi iliisha kabisa. Kitambulisho kilipona, lakini ilikuwa bahati tu. Nanyi mnajua wenyewe safari ya kwenda kutafuta kitambulisho kingine, nauli yake na siku zake, na mzee anayengoja pesa za Inua Jamii bila kitambulisho ataonyesha nini?

Kwa hiyo somo hili ni la koti, lakini pia ni la afya, la pesa na la heshima ya watu wa nyumbani.

MAADUI WA NGUO ZETU

Kabla ya kujenga chochote, tujue tunajikinga na nani.

1. Mchwa. Hawa wanatoka ardhini. Wanajenga njia yao ya udongo juu ya mti au ukuta mpaka wafike kwenye chakula. Kitu chochote kinachogusa udongo au ukuta wa udongo wanakifikia bila wewe kujua.

2. Nondo. Yule mdudu mdogo anayeruka si yeye anayekula nguo. Anataga mayai, na kiwavi anayetoka ndiye anayekula. Anapenda sufu na manyoya, yaani sweta za sufu, mablanketi na makabuti mazito. Pamba safi haimpendezi sana, lakini nguo yenye jasho na mafuta ya chakula inamvuta.

3. Unyevu. Nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi inapata ukungu, inanuka, na uzi wake unaoza.

4. Wadudu wa kuuma. Nge hujificha kwenye nguo zilizolundikwa na ndani ya viatu. Mbu nao hupenda kupumzika mchana kwenye nguo zinazoning'inia penye giza. Chawa wa mwili wanakaa kwenye mishono ya nguo, na wanaweza kuleta homa za hatari.

5. Moto. Nyumba ya fito na mikeka haisamehi. Koti linaloning'inia karibu na jiko au koroboi ni utambi.

HATUA YA KWANZA: TOA ZOTE NJE

Chagueni siku ya jua kali. Toeni nguo zote nzito za nyumba: makoti, makabuti, sweta, mablanketi, shuka za usiku. Kung'uteni kila moja kwa fimbo, geuzeni mifuko nje, pigeni brashi kwenye mishono na chini ya kola, kwa sababu hapo ndipo mayai ya nondo hukaa. Ziacheni juani mchana kutwa, mkizigeuza.

Halafu gawanyeni mafungu manne:

(a) Za kila siku: koti la kutokea usiku, sweta za watoto wa shule.
(b) Za msimu: zinazohitajika wakati wa upepo wa Adolessa au mvua za Ganna na Hagaya tu.
(c) Za kutoa: zilizo nzima lakini hazimtoshi mtu yeyote hapa nyumbani.
(d) Zilizokwisha: kateni viraka, matambara, kamba, au mto wa mtoto.

Usiogope fungu la tatu. Mara nyingi nyumba moja ina sweta tano ndogo za watoto waliokwisha kukua, na jirani ana mtoto anayetetemeka.

HATUA YA PILI: MTI WA KUTUNDIKIA

Hakuna haja ya kabati ya fundi kutoka Isiolo. Ufito mmoja ulionyooka, wa hatua mbili hivi, unatosha nyumba ya watu sita.

Kama nyumba yenu ina mapao ya nguvu, ning'inizeni ufito kwa kamba mbili kutoka juu, kama pembea. Faida yake ni kwamba haugusi ardhi wala ukuta, kwa hiyo mchwa hana njia.

Kama ni nyumba ya Kiborana ya fito nyepesi, usiibebeshe mzigo. Tafuteni nguzo mbili za panda. Kila nguzo isimame ndani ya debe kuukuu lililojaa mawe na kokoto, kisha ufito ulale juu ya panda. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya bati la debe, na hapo utaiona waziwazi na kuikwangua. Kagueni kila wiki mkifagia.

Mambo ya kuzingatia:

- Ufito uwe mbali na ukuta, angalau shubiri mbili, hewa ipite.
- Uwe mbali na jiko na taa. Simama hapo, unyooshe mikono yote miwili: usiguse moto wala koti kwa wakati mmoja.
- Kwa watoto fungeni ufito mwingine chini, kwenye kifua cha mtoto wa miaka sita. Mtoto akifikia mwenyewe, ataning'iniza mwenyewe. Asipofikia, atatupa chini, na msimlaumu.
- Tandazeni leso kuukuu juu kuzuia vumbi. Chini pabaki wazi.

Na hanga je? Kateni kijiti kilichopinda kidogo, urefu wa dhiraa moja, kikwangueni vizuri, mfunge kamba katikati. Hiyo ni hanga tosha. Msitundike kabuti kwenye msumari. Uzito wote unakuja kwenye kola, na baada ya msimu mmoja shingo imepasuka.

HATUA YA TATU: SANDUKU

Nguo za msimu ziende kwenye sanduku la bati. Liinueni juu ya mawe matatu ili muone chini yake. Kabla ya kufunga, hakikisheni nguo zimefuliwa na zimekauka kabisa, hata mshono wa kwapa. Nguo chafu ikifungiwa, umemwandalia nondo karamu.

Asiye na sanduku atumie mfuko wa nailoni usio na tundu ndani ya gunia, afunge mdomo kwa nguvu, na autundike juu. Lakini kumbukeni, nailoni haipumui. Ikiingia nguo mbichi, itatoka imeoza.

Kwa wanaohama, hii mifuko miwili ndiyo mizuri zaidi: inapanda mgongoni mwa ngamia jinsi ilivyo, na mvua ikiwakuta njiani nguo zinabaki kavu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na zile za mwisho wa 2023 zilitufundisha sisi wote wa kaskazini kwamba mafuriko hayapigi hodi. Mfuko uliofungwa na kutundikwa unanyakuliwa mara moja, na fungu la nguo zilizotawanyika linabaki majini.

HATUA YA NNE: MIFUKO YA KOTI SI OFISI

Tunawaomba wazee watuwie radhi, lakini tuseme ukweli. Mifukoni mwa makoti tumeona vitambulisho, kadi za kliniki, risiti za mifugo na pesa za chama. Karatasi hizi ziwekwe pamoja ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya mkebe wenye kifuniko, na watu wazima wawili wa nyumba wajue mkebe uko wapi. Mmoja tu akijua, na huyo mmoja akiwa fora na ng'ombe, mgonjwa ataenda hospitali bila kadi.

ONYO KUHUSU DAWA

Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinafukuza nondo, lakini vina hatari. Mtoto anaweza kudhani ni peremende akavimeza. Tena kuna watoto wanaozaliwa na upungufu fulani katika damu, jambo linaloonekana sana katika nchi zenye malaria. Mtoto wa namna hiyo akivikwa au akifunikwa blanketi lenye naftalini, damu yake inaweza kuharibika, akawa wa manjano na kuishiwa nguvu. Kwa hiyo nguo na mablanketi ya mtoto mchanga yasiwekewe naftalini kabisa. Mtoto akionekana manjano, msingoje, mpelekeni hospitali.

Jambo la pili: kamwe msinyunyize dawa ya kupe kwenye nguo. Ile ni sumu ya kuogeshea mifugo. Inapita kwenye ngozi ya mtu.

Kwa chawa, maji ya moto yanatosha. Nguo isiyoweza kuchemshwa ifungwe ndani ya mfuko kwa wiki mbili bila kuvaliwa. Chawa wa mwili asipopata mtu wa kunyonya hufa ndani ya siku chache, na hizo wiki mbili ni kwa ajili ya mayai. Mitumba yote ifuliwe kabla ya kuvaliwa, hata ikiwa inaonekana mpya.

Kwa nge, dawa ni mazoea: kila koti likung'utwe kabla ya kuvaliwa, kila kiatu kigeuzwe. Mtu akiumwa, hasa mtoto mdogo, msimchanje. Mtulizeni na mumpeleke kwa wauguzi upesi.

KOTI NI LA NANI?

Hapa tunafika penye somo lenyewe. Mkishatoa nguo zote nje, ziangalieni kwa utulivu, mhesabu. Baba ana ngapi? Mama ana ngapi? Kijana anayepelekwa fora, anayelala nje na ng'ombe usiku wa upepo, ana nini? Mara nyingine tunakuta koti zuri limetundikwa likingoja harusi, na mwenye kulala porini ana shuka moja iliyotoboka. Tena mama ndiye aliyeijenga nyumba kwa mikono yake, lakini nguo yake mwenyewe ndiyo isiyo na kijiti cha kutundikia. Hatusemi haya ili kugombanisha watu. Tunasema kwa sababu ufito ukiwa wazi mbele ya wote, kila mtu anaona nani amekosa.

Maandiko nayo hayakudharau koti. Mtume Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee vazi aliloliacha Troa kwa Karpo, na akamsihi afike kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4:13, 21). Paulo alijua vazi lake liko wapi na kwa nani. Na katika Kutoka 22:26-27, Mungu anaagiza kwamba ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, maana hana kingine cha kujifunika usiku. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi vijijini mwetu, nao wanajua kwamba usafi wa nguo ni sharti la sala. Basi katika jambo hili tunaweza kufanya kazi pamoja bila ubishi.

KAZI YA KIKUNDI MWEZI HUU

1. Chagueni nyumba moja ya mwanakikundi, mjenge mti wa kutundikia pamoja. Wengine waige kwao.
2. Leteni fungu la "za kutoa" kwenye mkutano. Zifuliwe kwanza. Kamati igawe, ikianza na watoto wa fora, wajane na wagonjwa.
3. Kama mna mchango wa mzunguko, fikirieni kununua masanduku ya bati kwa zamu, kila mkutano sanduku moja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Usiku wa leo ukiitwa nje ghafula, utalipata koti lako bila taa?
2. Kitambulisho chako kiko wapi sasa hivi? Nani mwingine anajua?
3. Ni nani nyumbani kwako asiye na nguo ya baridi, na kwa nini ni yeye?
4. Wazee wetu walihifadhije ngozi na nguo zisiliwe na wadudu? Akina mama wanaofukiza vyombo vya maziwa watueleze wanachojua kuhusu moshi.

Wanakikundi wapendwa, tukija kuwatembelea hatutauliza mna makoti mangapi. Tutaomba tu mtuonyeshe ufito. Na kama utakuwa na kijiti kimoja kitupu kwa sababu lile koti limevaliwa na mtoto wa jirani, tutafurahi zaidi.

Mungu awabariki katika kazi zenu.