Hedhi Isiyokuruhusu Kuishi: Dawa za Homoni kwa Endometriosisi
Kwa kaya za Atlabara, Juba

Hedhi huuma, hilo halina ubishi. Lakini hedhi inayomkosesha msichana shule, au inayomlaza mama siku ambayo angekuwa sokoni Konyokonyo akiuza, isiitwe ya kawaida, hata kama bibi yake naye aliumwa vivyo hivyo.

Huenda ni endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Mara chache hufika hadi kifuani, kama ilivyokuwa kwa mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Dalili nyingine ni maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu ya haja kubwa siku za hedhi, uchovu, na kuchelewa kushika mimba. Ukitibiwa taifodi mara kwa mara na tumbo linarudi kuuma tarehe zilezile za mwezi, mwambie daktari habari ya tarehe hizo.

Tishu hii hustawishwa na homoni ya estrojeni. Dawa huipunguzia nguvu, na nyingi ni zilezile za uzazi wa mpango: vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, kitanzi chenye homoni. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanza. Mume anaona vidonge, anadhani mkewe anakataa kuzaa. Baba, mama mkwe, eleweni: hapa ni dawa ya maumivu. Afadhali mume aende naye kliniki, aulize mwenyewe.

Hofu ya pili ni hedhi kukoma, watu wakidai damu chafu inajaa tumboni. Haijai. Dawa hufanya utando uwe mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Kutokwa matone ya damu miezi ya kwanza pia hutokea. Ila dawa ikirukwa na hedhi ikakosekana, pima mimba.

Homoni hutuliza, haziponyi. Ukiacha, maumivu yanaweza kurudi. Wala hazisaidii kushika mimba. Anayetafuta mtoto sasa atahitaji njia nyingine, na baada ya sindano uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa.

Mweleze mhudumu kama una shinikizo la damu, kipandauso, au damu iliwahi kukuganda mguuni, maana vidonge vyenye estrojeni huenda visikufae. Taja pia dawa za kifua kikuu na za VVU. Baadhi hupunguza nguvu ya vidonge na kijiti.

Andika kwenye daftari siku za maumivu, ukiyapima kutoka 0 hadi 10, usingizi, na kazi ulizoshindwa. Baada ya miezi mitatu hivi, daftari litaonyesha kama dawa inafaa au ibadilishwe. Kupungua damu peke yake hakutoshi ikiwa bado hulali.

Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukipata maumivu makali ya ghafla huku hedhi imechelewa, kuzirai, damu nyingi isiyokoma, homa pamoja na uchafu unaonuka ukeni, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana.